Punje Moja Juu ya Mizani

Kadi ilifika Szeged mwezi wa pili, ina muhuri wa Graz,
theluji ingali imelala kingoni mwa Tisza.
Lőrinc hakuuliza hali ya mama,
hakueleza alivuka mpaka vipi, wala analala wapi.
Aliandika namba sita, moja chini ya nyingine:

3
5
17
257
65 537
4 294 967 297

*Tano za kwanza ni tasa. Naweka dau, dada,
ya sita nayo ni tasa. Ivunje ukiweza.*

Piroska Bárdos, mpimaji wa kinu cha pilipili,
anajua zinavyozaliwa:
toa moja, zidisha kilichobaki kwa chenyewe,
rudisha moja uliyoitoa.
Ya sita ni punje iliyoongezwa maradufu
mara thelathini na mbili,
halafu punje moja tu.
Bila hiyo ya mwisho ungeipasua nusu, na nusu ya nusu,
hadi ubaki na punje kiganjani.
Iweke, na mizani yote inakataa.
Mbili haiingii. Nne haiingii.

Kwao neno la namba hizi ni jingine.
Sisi tunaziita tasa,
nami siwezi kuliandika neno hilo
nisimwone daktari akinawa mikono,
akilitamka bila kugeuka,
na mume wa Piroska akilitafuta koti lake
ambalo alikuwa amelivaa.

Kitabu chakavu cha shule kilimpa ufunguo:
kigawo tasa cha namba hii,
ukikipunguza moja, sharti kigawanyike kwa sitini na nne.
Basi milango si mingi.
Alifanyia hesabu kwenye mifuko ya kilo moja,
vidole vyekundu, penseli nyekundu kwa vidole.

193: ikabaki 109.
257: ikabaki 2. Mbili!
Karibu namna hiyo ni matusi.
449: ikabaki 325.
577: ikabaki 288, na jiko likazima.

641.
Sita. Saba. Ikabaki mbili peke yake,
ikateremshiwa sita, haikutosha, andika sifuri,
ikateremshiwa saba, haikutosha, andika sifuri,
ikateremshiwa mbili nyingine, ikapata nguvu:
nne, moja, saba,
na chini ya mstari
hapakuwa na kitu.

Alicheka mpaka pilipili ikampanda puani,
akapiga chafya juu ya bilioni nne na ushee.
Kumbe ilikuwa na watoto wawili siku zote,
641 na 6 700 417,
nayo imenyamaza, inatajwa tasa na watu wenye haraka.

Yule mkubwa hakumwamini mara moja.
Majuma matatu alibisha milango yake
hadi kwenye kipeuo cha pili, elfu mbili mia tano themanini na kitu.
Hakuna aliyeitika.
Huyu, ndiyo. Huyu hagawanyiki:
si kwamba amepungukiwa,
ni kwamba hakuna anayemtoshea.

Posta, karani aliigeuza kadi yake mara mbili.
"641. Hii ni siri ya nini?"
"Ni kigawo."
"Cha nani?"
"Cha kaka yangu. Kimemshinda."
Karani akapiga muhuri kwa hasira, kama anayeua mende.
Chini ya namba Piroska alikuwa ameongeza:
*Mama anakohoa. Umeshindwa dau, lilipe kwa kuja.*

Lőrinc hakuja. Mwezi wa tano aliandika neno moja na nusu:
*Na ya pili?*

Ilikuwa ukutani, juu ya mizani,
imeandikwa kwa chaki, tarakimu saba.
Vumbi jekundu liliifunika kila jioni,
na kila asubuhi aliifuta kwa kiwiko, akaiandika tena.
Angeweza kuituma. Stempu alikuwa nayo.

"Hiyo," aliliambia gunia lililokuwa linasubiri kupimwa,
"hiyo ni yangu."